Jicho Lililochoka

Sijapata kumiliki bunduki maishani mwangu, wala haya siyaandiki kwa ajili ya wawindaji. Wawindaji wanayajua mambo yao kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, nilikaa jioni nyingi kwenye meza ya jikoni ya mtu mwingine, katika nchi ya mbali, nikimsikiliza mzee mwenzangu akitafuta kifaa cha kulengea kinachoifaa bunduki yake kuukuu. Swali alilokuwa akijiuliza lilionekana dogo. Lakini lilinifuata hadi nyumbani Tabora, na huko likanidai deni ambalo nilidhani limekwisha kusahauliwa.

Binti yangu ameolewa Marekani, kaskazini mwa jimbo la Pennsylvania, katika wilaya ya Potter, ambako milima imefunikwa misitu na watu ni wachache. Baba wa mumewe, ambaye kwa desturi zetu ni mkwe mwenzangu, ni seremala mstaafu na mjane. Binti yangu alimfundisha kuniita Mwalimu, nami nikawa namwita Mzee, ingawa ni mimi niliyemtangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja. Huko kuwinda kulungu ni jambo la ukoo mzima. Kulungu ninaowasema si hawa wetu wenye madoa. Ni wale wa kwao, wenye mkia mweupe kwa chini, ambao huusimamisha kama leso wanapokimbia. Msimu wa bunduki hufunguliwa baada ya Sikukuu ya Shukrani. Hadi mwaka 2018 ulifunguliwa siku ya Jumatatu, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo ili watoto wafuatane na baba zao msituni. Nililiona jambo hilo la ajabu, mpaka nilipokumbuka madarasa yetu yalivyokuwa matupu wakati wa kuchuma tumbaku.

Bunduki yenyewe ni Marlin ya muundo wa 336, uliotoka mwaka 1948. Hiyo yake ilinunuliwa na baba yake mwaka 1962. Ni bunduki ya wenzo. Chini ya kitako, nyuma ya kifyatulio, pana kitanzi cha chuma ambacho mwindaji huingiza vidole. Akikisukuma chini na mbele, ganda tupu hurushwa nje na nyundo ndogo ya nyuma husimama tayari kupiga. Akikirudisha juu, risasi mpya huingia mahali pake. Miaka mingi nilifundisha habari za nyenzo kwa kutumia mtarimbo, toroli na koleo la mkaa, na egemeo, mzigo na jitihada nilivijua kama majina ya wanangu. Sikupata kufikiri kwamba iko siku nitakutana na wenzo wa kuulia. Msomaji aniwie radhi: mkuu wa chuo hata akistaafu haachi kufundisha. Niseme pia kwamba bunduki ile niliitazama tu. Sheria ya huko haimruhusu mgeni mwenye viza ya matembezi, asiye na leseni ya kuwinda, kushika silaha, nami sikuona sababu ya kuijaribu sheria hiyo.

Kuna jambo moja katika muundo wa bunduki hii ambalo lazima lielezwe, maana bila hilo yote yafuatayo hayataeleweka. Risasi zake hukaa katika bomba refu chini ya kasiba, zikifuatana moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikiigusa fataki iliyo kitakoni mwa ile. Kwa hiyo haziwezi kuwa na ncha kali ya shaba au risasi ngumu, kwani mshtuko wa kupiga ungeweza kuifanya ncha ile iilipue iliyo mbele yake ndani ya bomba. Tangu muongo wa kwanza wa karne hii zipo zenye ncha ya plastiki laini, lakini Mzee alitumia zilezile za baba yake, zenye pua bapa. Pua bapa haipasui hewa vizuri. Ukiiweka sawa bunduki hiyo igonge palepale unapolenga kwa yadi 100, ifikapo yadi 200 risasi itakuwa imeshuka karibu sentimita 20. Ni bunduki ya kichakani, ya karibu. Hakuna kioo wala chombo cha kuongezewa juu yake kitakachoibadili iwe kitu kingine.

Nilimwambia kwamba bunduki za jamii hiyo si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Theodore Roosevelt, baada ya kutoka katika urais, alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909 akiwa na Winchester ya wenzo ya muundo wa 1895, akaipenda sana kwa simba. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, iliyofanywa kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Watu husahau kwamba mtu huyo alikuwa na macho mabovu. Alivaa miwani tangu utotoni, na jicho lake la kushoto liliharibika kwa ngumi aliyopigwa katika mchezo wa ndondi alipokuwa bado rais. Mkwe mwenzangu alicheka, akasema, "Basi ndiyo maana alibeba risasi nyingi." Kisha akanyamaza, akaigeuzageuza kalamu yake ya seremala, na hapo ndipo aliponieleza yaliyompata mwaka uliotangulia.

Ilikuwa jioni, jua limekwisha kuzama lakini saa ya sheria ya kuacha kuwinda haijafika. Kulungu jike alitoka ukingoni mwa msitu, hatua kama tisini kutoka alipokaa. Akamlenga kwa vilengeo vya chuma ambavyo baba yake aliviacha juu ya kasiba. Aliona kijipande cha giza juu ya kijipande kingine cha giza, akajiambia kwamba huyo ndiye, na kwamba bega ni pale. Akafyatua. Mnyama alijikunja, akaingia msituni. Mzee alifuata damu kwa tochi, peke yake, mpaka saa nne usiku, na asubuhi akarudi tena. Damu ilimfikisha kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito haikuonekana. Hakumpata. Wanawe walipomwuliza, aliwaambia kwamba kilengeo kiligongwa garini kikapinda.

"Hakikupinda, Mwalimu," akaniambia. "Nilikipima kesho yake. Kilikuwa sawasawa. Mimi ndiye sikuona."

Sikumjibu kitu. Nilikuwa na jibu, lakini lilihusu mambo yangu mwenyewe, na wakati huo sikuwa tayari kuyasema.

Juu ya meza, basi, vilikuwapo vitu vinne. Cha kwanza kilikuwa vilengeo vile vya chuma: nyuma kuna kibao chenye mwanya, mbele kuna shanga ndogo juu ya kijiti. Mlengaji huweka shanga katikati ya mwanya, na vyote viwili juu ya mnyama. Hiyo ina maana kwamba jicho linatakiwa lione vitu vitatu vilivyo mbali mbalimbali kwa wakati mmoja, kazi ambayo hakuna jicho linaloiweza kwa kweli. Jicho la kijana hurukaruka upesi kutoka kimoja hadi kingine, na kijana akadhani anaviona vyote pamoja. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, lenzi ya jicho huwa ngumu, haijikunji tena kwa urahisi, na kile kibao cha nyuma huwa ukungu mtupu.

Cha pili kilikuwa kilengeo cha tundu. William Lyman wa Marekani alipata hataza ya kilengeo cha namna hiyo mwaka 1879, na mpaka leo vinauzwa. Badala ya mwanya, nyuma kuna pete ndogo karibu na jicho. Mlengaji haitazami pete, hutazama kupitia ndani yake, na jicho lenyewe kwa tabia yake hulipeleka shanga katikati. Tena tundu dogo hupunguza ukungu. Waliosoma kwangu watakumbuka kamera tuliyotengeneza kwa boksi la chaki na tundu la sindano, isiyo na lenzi yoyote, ambayo hata hivyo iliichora miti ya uwanjani kichwa chini, wazi kabisa. Nilipokiona kifaa hicho moyo wangu ulikipenda mara moja. Ni kidogo, hakina kioo wala betri, na hakiharibu umbo la bunduki ya marehemu.

Cha tatu aliazimwa na jirani yake: kioo kidogo chenye nukta nyekundu inayowashwa kwa betri. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilianza kuuza kifaa cha namna hiyo mwaka 1975. Unaweka nukta juu ya mnyama, basi. Kwa wengi ni kizuri sana. Kwa Mzee, ambaye mboni yake haina mviringo kamili, nukta ilionekana kama tone la rangi lililodondoka kwenye karatasi yenye maji. Hatukukipotezea muda.

Cha nne kilikuwa darubini ya kulengea, zawadi ya mwanawe, yaani mume wa binti yangu. Ilikuza kuanzia mara tatu hadi mara tisa. Ilikuwa ya thamani, nzito, inameremeta. Marlin hurusha maganda yake ubavuni, si juu kama zilivyofanya Winchester za zamani, kwa hiyo darubini hukaa juu yake bila tabu, na matundu ya skrubu yalikuwapo tangu kiwandani. Lakini darubini haiji peke yake. Ikikaa juu ya ile nyundo ndogo, kidole gumba hakipati nafasi ya kuivuta, basi hununuliwa kipande cha chuma cha kuongezea nyundo ubavuni. Kitako cha bunduki za zamani kilichongwa kiwe chini, kwa ajili ya vilengeo vya chuma, hivyo mwenye darubini humbidi kuinua kidevu kama anayechungulia ukuta, mpaka afunge mto wa ngozi wa kuegemezea shavu. Kifaa kimoja huzaa vingine viwili.

Na katika vitabu vya bei za madukani yalikuwamo mengine mengi: vifuko vya ngozi vya kushonea risasi kitakoni, kamba za kuviringia kitanzi, vishikio vya plastiki vyenye matundu ya kufungia taa, na kitanzi kikubwa kama kile alichokuwa nacho John Wayne katika filamu ya mwaka 1939, ambacho kazi yake msituni ni kunasa matawi. Mzee aliipitia kurasa hizo kwa haraka, akachukua mkanda wa bega tu. Huo, alisema, unampa mtu mikono miwili anapopanda mlima, na ukikazwa mkononi unatuliza bunduki.

Huko watu wanabishana sana juu ya haki ya mnyama. Jirani yake alishikilia kwamba darubini ni udanganyifu: anayetaka kula nyama ya kulungu na amfuate kwa macho aliyopewa na Mungu. Mwanawe alisema kwamba maneno hayo ni ya watu wenye macho mazuri. Mimi nilianza upande wa jirani. Nilikulia katika nyumba ya mtu mwenye gobore. Baba yangu alikuwa nalo kwa kibali, na gobore ni silaha ya risasi moja: ukikosa, unaanza upya na baruti na kijiti cha kushindilia, na mnyama keshafika kijiji cha pili. Mbele ya kasiba alibandika punje ya nta nyeupe ili aione wakati wa magharibi. Alikuwa hafyatui mpaka afike hatua thelathini, na mara nyingi alirudi mikono mitupu, mama akapika mlenda. Kwa hiyo nilimwambia mkwe mwenzangu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba kifaa kikiwa duni mtu hulazimika kuwa mwungwana, na kwamba achague kile cha tundu.

Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akaniuliza, "Baba yako, alipozeeka macho, alifanyaje?"

Swali hilo lilinishika. Kwa kweli baba hakuishi mpaka macho yake yakachoka. Nilikuwa nikimpa mzee wa miaka sabini na miwili ushauri niliouchota kwa mtu wa miaka arobaini. Na ile nta nyeupe, nilipoifikiri vizuri, ilikuwa nini kama si kifaa cha kuongezea? Baba alitafuta msaada wa jicho kwa kile alichokuwa nacho. Angepewa darubini angeichukua. Ugumu anaojiwekea mwindaji ni wa mwindaji, anaweza kuufurahia kama mchezo. Lakini kuna mwingine katika jambo hilo, naye hakuulizwa. Kwa yule aliyevuka kijito na tumbo lililotobolewa, uaminifu wa Mzee kwa vilengeo vya baba yake haukuwa na faida yoyote.

Hata hivyo sikuridhika na hoja ya mwana pia, na Mzee hakuridhika nayo zaidi yangu. Alipoiweka darubini ile kubwa kwenye mara tisa na kutazama kupitia dirishani mlima wa ng'ambo, aliishusha upesi. "Miti ya kule inakuja mpaka mlangoni," alisema. "Nikiwa nayo hii, nitawapiga walio kule." Naye alijua, kama nilivyokwisha kueleza, kwamba risasi yake haifiki kule inavyopasa. Kioo kinaisogeza picha tu, na risasi inabaki na safari yake yote. Tena kuna hatari nyingine ambayo aliitaja kwa ukali kuliko zote: mwenye darubini juu ya bunduki hushawishika kuitumia kutazamia. Anaona kitu kinatikisika kichakani, anainua bunduki ili akitambue, na kitu hicho ni mtoto wa jirani. Sheria ya jimbo lao huwataka wawindaji wa kulungu kuvaa rangi ya machungwa inayong'aa ili waonekane, lakini si kila apitaye msituni ni mwindaji. Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote juu ya bunduki, alitoa kabatini darubini ya kawaida ya kuvaa shingoni. Alisema kwamba hicho ndicho kifaa cha kwanza cha bunduki, ijapokuwa hakifungwi juu yake.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye machimbo ya mawe ya zamani. Mwanawe alisimamisha sahani za karatasi, zenye upana wa sentimita 20 hivi, ambao ni karibu ukubwa wa mahali pa moyo na mapafu ya kulungu. Mimi nilikaa kwenye kiti nimezibwa masikio, nikiandika matokeo katika daftari, kazi niliyoizoea. Kwa vilengeo vya baba yake, kwa yadi 50, risasi tatu kati ya tano ziliingia sahanini. Kwa kilengeo cha tundu, kwa yadi 75, ziliingia zote tano, nami nikajisikia mshindi. Lakini Mzee alitaka tungoje jioni. Jua lilipozama, pete ile ikawa kisima cheusi, shanga ikapotea, na katika risasi tano sahani ilipata moja. Wakati ule ule, mwanga ule ule, ndio uliomponza mwaka uliotangulia.

Kesho yake alikwenda dukani mjini akarudi na darubini ndogo iliyokwisha kutumika, ya kukuza mara mbili na nusu tu, isiyobadilika. Haikuvuta mlima. Ilikusanya mwanga, na iliweka alama ya kulengea na mnyama mahali pamoja, jicho likawa na kazi moja badala ya tatu. Akiwa ameketi, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, risasi zote tano ziliingia kwa yadi 100, hata jioni. Mwanawe akapiga makofi. Mzee akasema, "Msituni hakuna mfuko wa mchanga," akasimama wima, akakaza mkanda mkononi, akaanza tena. Kwa 100 mbili zilitoka. Kwa 85 moja ilitoka. Kwa 70 zilibaki ndani zote, akarudia mara tatu ili ahakikishe.

Usiku ule alikiondoa kile kibao cha baba yake kwa nyundo na kipande cha shaba, taratibu, akajaza ufa wake kwa kipande cha chuma. Alikitia katika kopo la misumari. Mwanawe alikuwa amenuna kidogo kwa sababu ya zawadi yake kukataliwa, nami nilimwonea huruma. Zawadi ya mtoto kwa mzazi ni jambo zito. Walielewana mwishowe kwamba yeye ndiye aitumie ile kubwa. Kisha tulikwenda hadi mahali anapoketi Mzee akiwinda, akapima yadi 70 kila upande, akafunga utepe kwenye miti. Mbele ya tepe zile, alisema, hata akija kulungu mwenye pembe za dhahabu atapita salama.

Sasa nije kwenye lile ambalo sikulisema mezani.

Mwaka 1994, nikiwa makamu mkuu wa chuo cha ualimu, macho yangu yalikuwa yamekwisha kuanza kuchoka. Sikutaka miwani. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano, mrefu, mwenye sauti, na nilidhani miwani itanifanya nionekane mzee mbele ya wanachuo. Nilisoma kwa kunyoosha mkono, na mkono ulipokwisha urefu nilisoma kwa kubahatisha. Usiku mmoja, umeme umekatika, nilijaza kwa taa ya chemli orodha ya alama za mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja, msichana, alikuwa na 64. Nikaandika 44. Hakufaulu. Alirudishwa kurudia mazoezi, mwaka wake mmoja ukapotea, na nyumbani kwao walimsema kwa maneno ambayo sitayarudia.

Kosa liligunduliwa mwaka uliofuata na karani wa taaluma, ambaye aliniletea fomu ya awali akaiweka mezani pangu bila kusema kitu. Sita ile ilikuwa wazi kabisa, kwa mwenye miwani. Nilimwita yule msichana ofisini, nikamwambia kwamba karani alikosea katika kunakili. Karani alipewa barua ya onyo. Aliisaini. Wiki iliyofuata nilikwenda kununua miwani, na watu wakaniambia kwamba imenipendeza.

Kwa miaka ishirini na saba nilijiambia kwamba jambo lile lilisahihishwa, kwa kuwa msichana alipata cheti chake. Lakini Mzee aliposema "hakikupinda" nilimwona karani yule amesimama mbele yangu. Mzee alikuwa amesingizia kipande cha chuma. Mimi nilimsingizia mtu.

Siku ya kufunguliwa msimu, Jumamosi tarehe 26 Novemba, Mzee alitoka kabla ya mapambazuko, akarudi jioni bila kitu. Nilimwuliza kama ameona chochote. Alisema dume kubwa lilikuja likasimama nyuma ya utepe, likala matunda ya mwaloni kwa muda mrefu, na yeye akalitazama kwa darubini ya shingoni mpaka likaondoka. Tulipokuwa tunakula, na wanawe wote wapo, aliweka uma chini akawaambia habari ya kilengeo cha mwaka uliopita, kwamba hakikugongwa. Hakuna aliyesema neno. Mume wa binti yangu alimwongezea baba yake viazi.

Niliporudi Tabora nilitafuta namba ya simu ya yule msichana. Ilichukua miezi miwili. Sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika mkoa mwingine, naye karibu atastaafu. Alipoitambua sauti yangu alisema, "Shikamoo, Mwalimu," kwa furaha ambayo sikuistahili, na kabla ya kupoteza ujasiri nilimweleza yote: chemli, 64, miwani niliyoikataa, na nani aliyekosea. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Na yule karani," akauliza, "uliwahi kumwambia?"

Nilimwambia kwamba karani alifariki mwaka 2003. Alisema, "Haya, Mwalimu." Kisha akaniuliza macho yangu yanaendeleaje siku hizi.